Nafasi Kati ya Upinde na Ugwe

Katika makumbusho nyingi zinazohifadhi vitu vya Afrika Mashariki, upinde huonyeshwa ukiwa umelegezwa. Ugwe huning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, au umekwisha kukatika, au haupo kabisa. Kibao kilicho chini yake hutaja urefu wa mti, mahali ulipopatikana, jina la kabila, na pengine mwaka ambao ofisa fulani wa kikoloni aliuchukua. Kipimo kimoja hakimo: umbali kati ya kishikio na ugwe wakati upinde umekazwa, tayari kwa kazi lakini haujavutwa. Mwulize fundi wa pinde ni kipimo gani kinachogeuza kipande cha mti kuwa silaha. Atakutajia hicho kabla ya urefu.

Nitakiita nafasi ya ugwe, na ninaomba msomaji anivumilie kwa aya chache za ufundi kabla hatujafika kwenye siasa. Wanafunzi wangu wanajua kwamba huwa sipendi historia ya silaha inayoandikwa na watu wasiojua silaha hiyo hufanyaje kazi.

Chukua upinde unaovutwa mpaka ugwe ufike sentimeta 70 kutoka kwenye kishikio. Kama nafasi ya ugwe ni sentimeta 16, mshale utasukumwa kwa sentimeta 54 kabla ya kuachana na ugwe. Ukiilegeza nafasi hiyo ikawa sentimeta 12, mshale utasukumwa kwa sentimeta 58. Sentimeta nne hizo si haba: mti unapata muda mrefu zaidi wa kuukabidhi mshale nguvu zake, na mshale huenda kwa kasi zaidi. Kwa nini basi kila mtu asilegeze? Kwa sababu mshale unaokaa na ugwe kwa muda mrefu hukaa pia na makosa ya mkono kwa muda mrefu. Kila mtikisiko wa bega huandikwa juu yake. Tena ugwe uliokaribia mti huuchapa mkono ulioshika upinde, na mwindaji aliyechapwa mara mbili huanza kuuogopa upinde wake mwenyewe, jambo baya kuliko kukosa shabaha. Ukiikaza nafasi kupita kiasi, unapata ukimya na utulivu, lakini unapoteza kasi, na mti unaoachwa katika hali hiyo siku nyingi huzoea kupinda na kupoteza uhai wake.

Waingereza wa kale walipima kwa ngumi iliyosimamishwa kidole gumba, yaani sentimeta 15 hadi 18 hivi kulingana na mkono wa mtu. Roger Ascham, mwalimu aliyeandika kitabu cha kwanza cha Kiingereza kuhusu upinde mwaka 1545, alishauri kwamba ni bora kuupinda upinde kiasi cha kutosha ili ugwe usiguse mkono kabisa, kuliko kutegemea ngozi ya kukinga mkono. Pinde za kisasa za michezo huachiwa nafasi kubwa zaidi, mara nyingi zaidi ya sentimeta 20. Marekebisho yenyewe ni mepesi kuyaeleza: ukiusokota ugwe unafupika, ugwe ukifupika mti hupinda zaidi, na nafasi huongezeka, ukiusokotoa, hupungua. Ugwe wa mishipa ya mnyama una tabia yake: ukinyeshewa hulegea, ukikauka hukaza. Kwa hiyo mwenye upinde katika nchi ya masika na kiangazi hakuwa na kipimo kimoja cha mwaka mzima. Alikuwa na mkono uliozoea, na sikio, kwa sababu ugwe uliokaa sawa na ugwe uliokaa vibaya havitoi sauti moja.

Haya yote hayamo katika nyaraka zetu. Tuna orodha za pinde zilizokamatwa, zilizonunuliwa, zilizopelekwa Berlin na London. Hatuna vipimo vya pinde zilizokuwa hai. Ninaamini kwamba pengo hilo lina uhusiano na namna sheria zetu, za kikoloni na za baadaye, zilivyoutazama upinde: kama kitu, kamwe si kama uhusiano kati ya mtu, mti, mnyama na majira.

Nimeufikiria mno mkasa huu nikiwa Soitsambu, katika Tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro. Wengi wenu mnalijua jina hilo kwa sababu ya migogoro ya ardhi, na ni haki. Lakini kwa mwanahistoria wa upinde, Soitsambu iko mahali pa pekee. Magharibi yake ni Serengeti. Kusini-mashariki, safari ya saa chache, kuna vijiji vya Wabatemi, ambao majirani na vitabu huwaita Wasonjo. Kusini zaidi, ukivuka nyanda za juu za Ngorongoro na kuteremka upande wa Karatu, unafika Ziwa Eyasi na nchi ya Wahadzabe. Katika mzunguko huo mmoja upinde una maana nne tofauti.

Wamaasai wa Soitsambu hujulikana kwa mkuki, na vitabu vya shule vimeridhika kuishia hapo. Hata hivyo upinde upo katika maisha yao, mahali pawili. Wavulana waliotoka kutahiriwa, katika kipindi chao cha mavazi meusi, hutembea na pinde na mishale butu wakiwinda ndege wadogo ambao hupamba navyo vichwa vyao. Na katika boma kuna upinde mdogo wa kumtoa ng'ombe damu: shingo hufungwa kamba mpaka mshipa usimame, kisha hurushwa kutoka karibu sana mshale uliowekewa kizuizi nyuma ya ncha, ili uingie kiasi kinachotakiwa na si zaidi. Mzee mmoja alinionyesha upinde huo. Niliuvuta ugwe kwa kidole nikashangaa ulivyolegea, nikauliza kama ulikuwa umechakaa.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Huu haukazwi. Ukiukaza utaua ng'ombe. Sisi tunataka damu, hatutaki nyama."

Hapo, katika sentensi tatu, kuna maarifa ambayo hakuna kibao cha makumbusho kilichonipa. Kulegea kwa ugwe ni chaguo la fundi, kwa ajili ya kazi maalumu. Ofisa aliyeukuta upinde huo na kuuandika kuwa "dhaifu" angekuwa amepima sawasawa na kuelewa vibaya.

Kwa Wabatemi mambo ni kinyume. Hawa ni wakulima wa mifereji, wanaomwagilia mashamba kwa maji ya chemchemi chini ya ngazi za Bonde la Ufa, na silaha yao ya vita ilikuwa upinde wenye mishale ya sumu. Robert Gray, mwanaanthropolojia aliyechapisha kitabu juu yao mwaka 1963, alieleza vijiji vilivyozungushiwa maboma na kuwa na malango ya kulindwa. Ukiiweka picha hiyo pamoja na mkuki wa Mmaasai, unaona mantiki: mkuki ni silaha ya mtu anayekwenda, upinde ni silaha ya mtu anayekaa na kungoja nyuma ya ua. Jamii ndogo ilidumu karne nyingi kati ya majirani wengi na wenye nguvu. Maji na imani yao vilichangia, lakini sidhani tunaweza kuuacha upinde nje ya maelezo hayo.

Nguvu ya mshale wa aina hiyo haimo katika kasi peke yake. Sumu inayojulikana zaidi katika Afrika Mashariki hupikwa kutokana na mti ambao Waswahili huuita msunguti, na dawa iliyomo husimamisha moyo. Wahadzabe hutumia mimea mingine, mdagadaga wa jangwani ukiwa mmoja wao, lakini athari ni ile ile. (Nidokeze jambo moja kwa wanaopenda sadfa: mugariga, mti uliompa umaarufu Mchungaji Ambilikile Mwasapile pale Samunge mwaka 2011, ni wa ukoo mmoja wa mimea na msunguti. Kikombe cha Babu na mshale wa Mbatemi vimetoka katika nyumba moja.) Palipo na sumu, mwindaji hahitaji mshale upenye hadi upande wa pili. Anahitaji uingie, tena kimyakimya, kabla mnyama hajashtuka. Hivyo nafasi ya ugwe inaweza kukazwa kwa ajili ya ukimya, na kasi iliyopotea ikalipwa na sumu.

Sasa tuje kwenye sheria. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya wanyamapori katika Afrika Mashariki ya Kijerumani: uwindaji ukawa jambo la leseni, na mapori mawili yakatengwa. Mwaka 1900 wakoloni wa Ulaya walikutana London wakasaini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Hakuna Mwafrika aliyekuwamo chumbani. Waingereza walipoichukua Tanganyika walitunga sheria yao ya wanyamapori mwaka 1921. Mkataba wa pili wa London, wa mwaka 1933, ulikwenda mbali zaidi ukakataza mbinu: sumu, silaha zenye sumu, nyavu, mashimo, mitego. Soma orodha hiyo taratibu. Karibu kila mbinu ya Mwafrika asiye na bunduki imo. Bunduki yenyewe, iliyokwisha kuangamiza makundi ya wanyama kusini mwa Afrika katika karne ya 19, ilibaki kuwa chombo cha muungwana.

Hoja iliyotolewa ilikuwa ya huruma: mshale huumiza polepole, bunduki huua mara moja. Sitaidharau hoja hiyo kabisa. Mnyama aliyekimbia na sumu mwilini hafi kifo cha raha. Lakini kuna tukio linaloifanya iwe ngumu kumeza, nalo lilitokea jirani kabisa na Soitsambu.

Mwaka 1913 mwandishi wa Kimarekani, Stewart Edward White, alitembea kutoka Nairobi kuelekea kusini mpaka kaskazini mwa Serengeti, akaandika kitabu kinachoiita nchi hiyo kuwa "iliyogunduliwa upya", kana kwamba Wamaasai, Waikoma na Wandorobo walikuwa wameisahau. Mwaka 1925 alirudi Tanganyika na wenzake. Miongoni mwao alikuwa daktari wa upasuaji wa San Francisco, Saxton Pope, na rafiki yake Arthur Young. Walikuja kuwinda simba kwa upinde. Naam, kwa upinde, katika nchi ambayo wenye pinde walikuwa wakigeuzwa wahalifu. Walisindikizwa na bunduki nyuma yao, waliwaua simba, na mwaka uliofuata Pope akachapisha kitabu cha safari hiyo. Leo kuna chama kikubwa cha wawindaji wa upinde nchini Marekani kinachobeba majina ya wawili hao.

Ni nani aliyemfundisha Pope upinde? Ishi, mtu wa mwisho wa Wayahi wa California, ambaye watu wake waliuawa na walowezi. Ishi alijitokeza mwaka 1911, akawekwa kuishi katika jengo la makumbusho ya chuo kikuu, akafa mwaka 1916. Pope alikuwa daktari wake, akajifunza kwake kuchonga, kusokota ugwe, kunyata. Kisha, mwaka 1923, Pope alichapisha utafiti wa pinde za dunia, nyingi zikiwa za makumbusho, akizipima uzito wa kuvuta na umbali wa kurusha. Katika orodha yake upinde wa bara letu umetajwa kwa neno moja: wa Kiafrika. Hakuna kabila, hakuna mti, hakuna kazi iliyokusudiwa. Ulishindwa vibaya na upinde wa Kiingereza. Nikiukumbuka upinde wa mzee wa Soitsambu, ninajiuliza ni upinde gani ule, na ulikazwa na nani.

Simlaumu Pope kwa kupenda upinde. Alimheshimu Ishi kuliko wengi wa zama zake. Ninachosema ni kwamba mwaka 1925 sheria haikuutazama upinde wenyewe. Iliangalia mkono ulioushika.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, ingawa mpangilio wake mara nyingi husahaulika. Sehemu ya Serengeti ilifanywa pori la akiba mwaka 1929, na hifadhi ya taifa ikawekewa mipaka mwaka 1951. Wafugaji waliruhusiwa kubaki kwanza, kwa sababu hawakuhesabiwa kuwa wawindaji. Wandorobo, ambao jina lao kwa Kimaasai lenyewe humaanisha watu wasio na ng'ombe, waliondolewa katikati ya miaka ya 1950. Tarehe 21 Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye makubaliano ya kuihama Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la hifadhi lenye watu. Kwa maneno mengine, wenye pinde waliondoka kwanza, wenye mikuki wakafuata, na wa kwanza walipoondolewa, wa pili hawakuwa na sababu ya kupaza sauti. Waliambiwa kwamba wao si watu wa aina ile. Wanaharakati wa Loliondo wa leo, ambao ninawaheshimu, hufungua historia yao mwaka 1958. Nawashauri warudi nyuma miaka mitatu au minne.

Kenya ilipitia njia hiyo hiyo kwa ukali zaidi. Wawaata wa Tsavo walikuwa wawindaji wa tembo, wenye pinde nzito ambazo waliozipima wamezilinganisha na pinde ndefu za Waingereza wa vita, na sumu waliyoipata kwa biashara kutoka kwa mafundi wa Kigiriama. Mwaka 1956 na 1957, chini ya mhifadhi David Sheldrick, operesheni kubwa ya kupambana na ujangili iliwakamata wengi wao wakafungwa. Mradi wa Galana wa mwaka 1960, uliokusudiwa kuwapa Wawaata uwindaji wa halali, ulikuwa wazo zuri lililochelewa. Tembo wa Tsavo waliongezeka, wakaila misitu yao, na ukame wa 1970 na 1971 ukaua maelfu kwa njaa. Sidai kwamba pinde za Wawaata zingezuia ukame. Lakini kifo cha polepole, kile kile kilichotajwa kuwa dhambi ya mshale, kilikuja bila mshale.

Huku kwetu Wahadzabe, watu wapatao 1,000 hivi, bado wanakaza pinde zao. Mwaka 2011 jamii yao ya bonde la Yaeda ilipata hati ya pamoja ya hakimiliki ya kimila, kwa takriban hekta 20,000. Ni hatua ya kweli, na watumishi wa serikali waliohangaika nayo wanastahili shukrani ambazo hawakuzipata. Hati hulinda ardhi dhidi ya jembe na mifugo ya wageni. Upinde umebaki katika hali ya kuvumiliwa, na kinachovumiliwa kinaweza kuacha kuvumiliwa kwa waraka mmoja.

Halafu kuna Juni 2022. Serikali iliamua kuweka vigingi kwenye kilometa za mraba 1,500 za Loliondo. Tarehe 10 Juni askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale. Wananchi kadhaa walijeruhiwa, na wengine walivuka mpaka kwenda Kenya kutafuta matibabu. Watu zaidi ya 20, wakiwamo madiwani, walishitakiwa kwa mauaji, wakaachiwa mwezi Novemba baada ya upande wa mashtaka kuliondoa shauri. Ni mkono gani uliourusha mshale ule, mahakama haikupata nafasi ya kusema. Askari yule alikuwa mtoto wa mtu, aliyetumwa kazi, na sitaki mtu yeyote asome makala hii kama shangwe juu ya mshale.

Ninachokumbuka ni namna mshale huo ulivyozungumzwa wiki zile. Ghafla "watu wa Loliondo" wote walikuwa watu wa mishale. Inanikumbusha kisa cha Fumo Liyongo, aliyekufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi. Watu wa mji walikaa na kiu siku kadhaa, hawathubutu kuyakaribia maji, mpaka maiti ilipoanguka. Dola nayo inaweza kuuogopa upinde kwa muda mrefu bila kwenda kuangalia aliyeushika yuko katika hali gani.

Nimekwisha kusoma hukumu nyingi za kesi za hifadhi, zile zinazofunguliwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, kwa kosa la kuingia na silaha bila kibali. Vielelezo huorodheshwa kwa idadi: panga moja, nyaya za kutegea, upinde mmoja, mishale minne. Kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wanaokwenda Loliondo, Eyasi na Ikoma mwezi ujao, ombi langu ni hili. Mkionyeshwa upinde, msiombe kuununua wala kuulegeza ili uingie kwenye gari. Mwombeni mwenyewe aukaze kama anavyoukaza kwa kazi yake. Pimeni kwa rula kutoka kwenye kishikio hadi kwenye ugwe, andikeni mwezi, mvua au jua, aina ya mti, ugwe ni wa nini, na upinde ni wa kazi gani: ndege, damu ya ng'ombe, pofu, au ulinzi wa shamba. Andikeni pia neno analolitumia kwa nafasi hiyo katika lugha yake. Jina lake msiliandike.